Deni la Choo cha Bondeni

Sogeeni, wanangu, sogeeni karibu na kitanda, na mlango uacheni wazi kama nilivyosema, maana haya ninayotaka kuyasema si ya kunong'onezana chumbani. Walioko barazani nao wayasikie. Naima, binti yangu, nipandishie mto, hapo hapo, nikilala chali kifua kinajaa. Twaha, wewe mkubwa wao, usijifiche nyuma ya kabati ukajifanya unatazama simu. Kaa hapa miguuni pangu, nikuone uso na wewe unione wangu, hata kama mguu huu unanuka. Unanuka, najua, acheni kunifukizia ubani kila saa kama bibi harusi. Bismillahi. Mie Mwinshehe, baba yenu, ninasema haya nikiwa na akili zangu, mbele ya mama yenu Mwanabaraka na mbele ya wazee hawa wawili wa msikitini niliowaomba wawe mashahidi, na ninayasema leo kwa sababu daktari ameshasema lake, mwili nao umeshasema lake, na wawili hao wamekubaliana.

Nina aibu, wanangu. Nalitaja neno hilo mwanzo kabisa ili msije mkadhani nimelala hapa kama mzee mwenye heshima zake anayeagana na watoto. Donda linauma, lakini donda lina dawa ya kutuliza; aibu sijapewa dawa yake. Usiku nikisikia pikipiki inapita barabarani nadhani wanacheka. Na wana haki ya kucheka. Mchimba shimo huingia mwenyewe, watu walisema zamani, wakidhani wanasema mfano tu.

Nyie mmekua mkinijua mwosha wa msikiti wetu. Akifa mwanamume mtaani, mlango unaogongwa ni wangu. Nimewaosha matajiri na makuli, waliokufa kwa maji na waliokufa kwa moto, na kila mmoja nimemsitiri. Lililoonekana chini ya shuka limebaki chini ya shuka. Vijana wa madrasa nimewafunza udhu, nimewafunza kujitwaharisha, na nilikuwa mkali, mnakumbuka, mtu akiingia msikitini na tone la najisi kwenye suruali nilimtoa mbele ya wenzake. Mwosha huoshwa, nilikuwa nikiwaambia watu kila penye msiba, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kujiandaa. Nilijua nitaoshwa nikishakufa. Sikujua kama nitaoshwa ningali hai, uani kwa wapangaji wangu, kwa ndoo na sabuni ya kufulia, watoto wa jirani wakichungulia juu ya ukuta.

Basi nianzie kwenye nyumba yenyewe. Nyumba ya bondeni, kule Mbagala, mnaijua kwa vyumba vyake na baraza lake, lakini hamjui ilivyojengwa, maana mlikuwa wadogo. Shamba la mikorosho aliloniachia babu yenu kule Mkuranga nililiuza, nikanunua kiwanja, nikaanza kujenga nikiwa bado mtunza ghala la saruji. Nisikilizeni vizuri hapo. Mtunza ghala la saruji. Mchana kutwa nilikaa juu ya mifuko, nikirudi nyumbani nakohoa saruji, na choo cha watu nikakipimia saruji kana kwamba ni sukari ya mwaka wa njaa. Mbele ya nyumba sikubania. Baraza nililisakafia vizuri nikalipaka rangi nyekundu, mlango nikaweka wa mninga, madirishani nondo za maua. Nyumba njema si mlango, lakini mie mlango ndio niliouonyesha. Mtu akija kutafuta chumba, nilimkalisha barazani, nikamsifia upepo, nikampitisha ukumbini haraka, na choo cha nje nilikifikia mwisho, na mara nyingi sikukifikia kabisa. Sakafu ya choo hicho niliitilia nondo chache nyembamba, zilipopelea nikaziba pengo kwa miti ya mkoko iliyobaki kwenye jukwaa la mafundi. Fundi akaniambia, mzee, miti hii itaoza. Nikamjibu, hapo hapalali mtu. Nikajiona mjanja.

Halafu yakaja mambo ya masika. Nyie wa hapa Chamazi, choo chenu nimekitia marumaru, maji mnavuta na kamba, hamjui habari ya kutapisha. Shimo la bondeni likijaa, mwenye nyumba mwenye haya huita gari la kunyonya. Mie nilisubiri mvua. Ubavuni mwa shimo, upande wa chini, niliacha tundu nikaliziba kwa gunia la mchanga. Mvua ya masika ikishuka kwa nguvu, mtaa mzima kila mtu kajifungia ndani, nalizibua, na yote yanakwenda na mafuriko. Mvua ni gari la bure, nilikuwa nikisema, na kuna majirani waliojifunza kwangu. Kila masika nimefanya hivyo, na kila masika uchafu ukitoka unatoka na udongo, matofali ya shimo yakabaki uchi upande mmoja kama ufizi wa mzee, na mie niliyaona, na nikalirudisha gunia langu nikaenda kuswali. Naam, nilikwenda kuswali. Wazee wangu, msiinamishe vichwa. Yaandikeni moyoni kama yalivyo.

Huo uchafu ulikwenda wapi? Ulipita uani kwa Marselino, jirani wa upande wa chini. Mnamjua Marselino kwa jina tu, kwa sababu niliwakataza msimpe hata salamu, na mkinihoji nikasema ni mchochezi, ana kisirani, anaonea wivu nyumba yangu. Ugomvi wenyewe ni huo. Alikuja kwangu mchana kweupe, akavua kofia, akasema, "Mzee mwenzangu, mavi ya kwako yameingia kwenye sufuria ya mke wangu." Hakuwa na njia nyingine ya kusema na sasa naona hakukuwa na njia nyingine. Mie nikamfukuza kwa sababu ametamka neno chafu mbele ya mama yenu. Neno lilinichukiza, kitu chenyewe hakikunichukiza. Tangu siku hiyo hatujasalimiana, na kila masika nimemletea kile kile.

Sasa hawa wapangaji. Ansbert yuko barazani hapo na mkewe Kokushubila. Nimewaita, wamekuja, ingawa hawakuwa na sababu ya kuja. Ni watu wa Bukoba. Ansbert ni karani kwenye duka la vipuri, mwanamume mtaratibu, wana mtoto wao wa kike, Noela, na wamekaa chumba cha mwisho karibu na uani, pale ambapo harufu hufika kwanza. Wao na wenzao waliniambia juu ya ufa. Waliniambia kwa adabu, kisha bila adabu, kisha wakanyamaza, nami nikaufurahia ukimya wao. Mpangaji asiyeridhika, mji ni mkubwa, ahame, hayo ndiyo yalikuwa majibu yangu. Choo ni chao, mie sikitumii, hayo pia niliyasema. Na ule usemi wa ufa na ukuta, ambao hata mtoto wa chekechea anaujua, nilikuwa nao mdomoni kila nilipowaasa watu wengine juu ya ndoa zao.

Bwana afya naye alikuja. Kijana mpole, alinikuta pale pale uani, akaniambia maneno ambayo nimeyarudia kitandani hapa hadi yamenikaa kama sura. Alisema, "Mzee, ukishampangisha mtu, sheria inakutaka umpe mahali pasipomdhuru. Choo, ukuta, nyaya za umeme, paa, vyote ni juu yako, hata kama hulali pale. Ufa ukitokea, wa kuuziba ni wewe. Mtu akiumia kwa ubovu wa nyumba yako, wa kuulizwa ni wewe, hata kama mpangaji hakulalamika, sembuse hawa waliolalamika." Nikamwitikia ndiyo mwanangu, ndiyo mwanangu. Kabla hajafika chooni nilikuwa nimemwambia mpangaji mmoja, bibi Tabu muuza maandazi, asogeze pipa lake la maji juu ya ufa. Bwana afya akaona pipa. Akasema rekebisha, nikasema fundi yuko njiani. Fundi gani? Sikuwa nimeita fundi, na pipa lile likabaki pale pale limejaa maji, linakanyaga sakafu iliyokwisha kuchoka.

Naima, nipe maji. Kidogo tu. Ahsante, mama.

Siku yenyewe ilikuwa baada ya ile mvua kubwa. Nilikuwa nimeshatapisha. Nimevaa kanzu yangu nyeupe, ile aliyoniletea mama yenu kutoka Zanzibar, natoka kwenda nikahi, simu inalia, ni Kokushubila. "Baba mwenye nyumba, shikamoo. Choo kinacheza. Noela kaingia asubuhi, katoka analia, anasema chini kunapumua." Hasira zilinipanda, wanangu. Nikajisemea watu hawa watanimaliza kwa maneno, mtoto mdogo kaambiwa na wazazi wake aseme. Nikaghairi nikahi, nikaenda Mbagala kuwakomesha. Nikawaita wote uani kama mwalimu anavyowaita wanafunzi, nikawapanga mstari, nikawaambia nyie watu wa bara mmezoea vyoo vya migombani, zege hamlijui. Ansbert akasema, "Mzee, tafadhali usikanyage." Kwa upole kabisa. Upole wake ndio ulionichoma. Nikapandisha kanzu, nikaingia, mlango nikauacha wazi ili waone, nikapiga mguu. Zege likashika. Nikasema, "Mnaona?" Nikapiga wa pili.

Sitawaeleza ndani kulivyokuwa. Nilizama hadi kifuani, pipa la bibi Tabu likanifuata, na moja ya zile nondo chache, nyembamba, ambazo nilizichagua mwenyewe kwa sababu ni rahisi, ikaingia kwenye paja hili. Rahisi ghali. Na sikieni jambo ambalo mashahidi hawa watanisamehe au wasinisamehe: mtu aliyewafunza wenzake kutamka shahada wakati wa dhiki, jina la kwanza lililomtoka halikuwa la Mwenyezi Mungu. Niliita Ansbert. Yule yule niliyemwambia migomba, nilimwita kama mtoto anavyomwita mama.

Na Ansbert alikuja. Kwa juu hakukuwa na pa kukanyaga, kingo zilikuwa zinaendelea kumeguka, na kamba niliyotupiwa sikuweza kuishika. Akazunguka upande wa chini, kwenye lile tundu langu la masika, akachukua mtaimbo akayabomoa yale matofali, uchafu ukamfumukia hadi kiunoni, akaingia. Aliingia, Twaha. Mie mwenyewe, mwenye choo, sijawahi kuchungulia mle kwa hiari yangu. Na aliyeleta ngazi ni Marselino. Alipanda kutoka kwake kule chini, uani kwake ndiko kulikokuwa kunamwagika tena, akaja na ngazi begani. Wakanitoa wawili hao.

Kisha wakaniosha. Kanzu waliikata kwa mkasi. Kokushubila aligeuza uso akavua kanga yake ya juu akanirushia, nikasitirika kwa kanga ya mpangaji wangu. Maji walikuwa wanayanunua kwa ndoo, nilijua, maana bomba la uani nililikata mwenyewe. Wakayamwaga juu yangu ndoo baada ya ndoo. Na hata hapo, wanangu, hata hapo kiburi hakikuwa kimetoka. Ansbert alianza kunisugua upande wa kushoto, nami nikamwambia, "Anzia kulia." Nimetoka mavini, damu inanitoka, namfundisha mtu twahara. Akasema, "Sawa, mzee," akahamia kulia. Hilo neno sawa silisahau. Nilivyokuwa nikiosha watu, nadhani sijawahi kumwosha mtu kwa huruma ile.

Haya yote mngeyajua siku ile ile kama ningekuwa na moyo wa kuyasema. Twaha, wewe ulifika wakinipakia kwenye bajaji, ukaona ukuta wa shimo umebomolewa, ukaona mtaimbo umelala hapo, na Ansbert kasimama kando amechafuka mwili mzima. Ukasema ulichokisema. Ukasema wapangaji wamebomoa shimo makusudi kwa sababu ya ugomvi wa choo, baba akaitwa, baba akazama. Ukaenda polisi. Ansbert akalala mahabusu kwa kosa la kunitoa, na mpaka leo hajaachiwa moja kwa moja; yuko nje kwa dhamana na anatakiwa kuripoti. Ukawapa wapangaji wote notisi. Sikulaumu peke yako, mwanangu, ulikuwa unasitiri jina la baba yako, na jina hilo mie ndiye niliyekufundisha kulisitiri kuliko kitu kingine chochote. Kosa lako ni la haraka. Langu ni la makusudi, maana mie nilikuwa naujua ukweli.

Askari alikuja wodini kuniuliza. Nilimsikia akivuta kiti. Nikafumba macho nikajifanya nimelala. Nilipima, wanangu, mle gizani nyuma ya kope zangu nilipima, nikaona heri mtaa useme mzee Mwinshehe kafanyiwa ubaya na wapangaji kuliko useme mzee Mwinshehe kakanyaga choo chake mwenyewe kikamzamisha. Nikaendelea kulala. Askari akaondoka.

Kesho yake akaja Kokushubila. Naima, wewe ulikuwepo, ulimpa kiti hakukaa. Hakuleta uji, hakuleta chungwa. Alisimama kando ya kitanda akasema, "Baba mwenye nyumba, mie sikuja kukupa pole. Nimekuja kutazama kama unaweza kusema. Mume wangu kalala polisi kwa kukutoa shimoni. Ukipata sauti, sema." Akageuka akaenda zake. Mie sauti nilikuwa nayo. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na ningekufa wodini mle kifo kingeniumbua mbele ya yule asiyedanganywa na pipa.

Basi leo nasema. Wazee wangu, shuhudieni. Ansbert hakubomoa shimo kwa ubaya, alilibomoa ili anitoe. Shimo nililiua mie, kwa saruji ya kupima, kwa miti ya mkoko, kwa masika zote nilizotapisha, na kwa miguu yangu miwili. Twaha, ukitoka hapa usile, usiswali sunna, usipokee simu. Nenda kituoni pamoja na mzee mmoja kati ya hawa, ukaseme kwamba baba yako amesema, na kwamba wewe ulisema usilolijua. Wakitaka kuja kunihoji waje upesi, macho hayatafumbwa. Na notisi zile uzifute leo hii, kwa mdomo wako, hapo barazani.

Sasa nyumba. Najua mmeshaanza kuigawa vichwani, si dhambi, hata mie nilimgawa baba yangu kabla hajapoa. Najua Twaha ana mtu wake wa kutaka kiwanja, avunje, ajenge gesti kama zile za Sinza. Nisikilizeni, na wazee wanisahihishe nikikosea. Mali ya maiti hutolewa sanda na mazishi, kisha deni, kisha wosia, kisha ndipo warithi wanapogawana. Hilo la choo sitaki mliandike kwenye wosia. Wosia ni hisani ya maiti, na mie sina hisani ya kumfanyia mtu niliyemweka juu ya shimo. Liandikeni deni. Wapangaji wa bondeni wananidai choo. Wananidai mahali pasipowadhuru, kama alivyosema yule kijana wa afya, na wamenidai tangu siku ya kwanza kila mmoja wao alipoingiza kitanda chake mlangoni. Na deni likiwapo, hakuna mrithi anayegusa hata bati moja. Mmesikia? Hata bati.

Choo hicho kijengwe upya, mbali na ukuta wa Marselino. Shimo jipya lijengwe kwa matofali mazima, lisiachwe tundu, liwe kubwa na liwe na njia ya gari la kunyonya kufika. Sakafu fundi aipime nondo kwa kanuni yake, akisema nyingi wekeni nyingi, akisema subirini ikauke subirini, na msimwambie kwamba hapalali mtu. La zamani linyonywe, lifukiwe, bwana afya aitwe aje alitazame bila pipa. Bomba la uani lirudishwe. Na umeme mkaukague, nyaya za ukumbini nilizifunga kwa mkono wangu kwa nailoni. Nimelala hapa nikazikumbuka, jasho likanitoka. Mpaka hayo yakamilike, wapangaji wako kwenye choo cha Marselino. Ndiyo. Marselino kawafungulia mlango wake, yule mchochezi, wanashuka kwake usiku na tochi, Noela kabebwa mgongoni. Mwanabaraka, nisamehe, nilikukatia shoga. Ulipenda kuzungumza na mke wa Marselino. Wanangu, nendeni kwa Marselino na mama yenu, mumwombe radhi kwa kila masika. Asipowasamehe... asipowasamehe, mie nisemeje, asipowasamehe mkae mkijua ana haki yake, na ua wake mkausafishe vile vile.

Nyumba ikishatengenezwa, gawaneni kama sheria ilivyosema, kiume na kike, mama yenu na chake. Atakayeshika ufunguo, ajue kampokea mtu, hajapokea kodi tu. Aingie chooni kwanza, kabla ya kukaa barazani. Aingie kama mtu mwenye haja, achuchumae, atazame juu atazame chini. Akiona haya kuingia, basi hafai kupangisha. Mpangaji akikwambia kitu kinacheza, usimwulize ametoka mkoa gani.

Isingekuwa mie... Naima, nishike. Isingekuwa mie siku ile, angekuwa Noela. Mtoto ana uzito wa kuku, lakini zege la mkoko halina hesabu hiyo. Alisema chini kunapumua. Mtoto yule alikuwa anasema kweli, na mie nilimwita mwongo.

Maji. Hapana, loanisha midomo tu.

Mazishi. Wanioshe vijana wa msikitini, niliowafunza, wanajua. Maji ya kuniosha... kama Ansbert hana kinyongo, ayachote yeye ndoo ya kwanza. Kama ana kinyongo, msimlazimishe, na msimnunie. Kanga ya mkewe mama yenu ameifua, imekunjwa juu ya kabati. Mrudishieni, na nyingine mpya pamoja nayo. Msisahau.

Twaha, la mwisho ni lako. Mnajua desturi yetu, kabla jeneza halijainuliwa mtu wa nyumbani husimama akasema, mwenye kumdai marehemu ajitokeze. Watu hunyamaza. Nani atadai mbele ya maiti? Mpangaji gani atanyoosha mkono mbele ya mtaa mzima? Kwa hiyo hutangoja wanyooshe. Utasema wewe. Utasema marehemu baba yangu anadaiwa choo na wapangaji wake wa bondeni, alikijenga vibaya, kikamuua, na sisi tutalipa kabla ya kugawana. Hivyo hivyo. Usiseme msala, usiseme huduma. Sema choo. Watacheka, mwanangu. Watakaocheka waache wacheke, kicheko hicho ni changu, nimekifanyia kazi.

Unalia nini? Futa. Najua ni vigumu, ndiyo maana nataka uanze leo. Sema nisikie.

Sikusikii.

Marehemu baba yangu... endelea. Eeh. Eeh, hivyo. Mwenyezi Mungu akupe ulimi usionata kama wa baba yako. Naima, Mungu akutunze, mama, mikono yako haikunikimbia. Mwanabaraka, radhi zangu unazo, zako nazingoja. Wanangu wote, nyumba mtakazolala na nyumba mtakazolaza watu, Mungu azipe misingi, awape usingizi usio na ufa. Amin. Semeni amin.

Kifua kimejaa. Niinueni kidogo.

Twaha. Tena. Kwa sauti, baba, ifike barazani, Ansbert asikie. Anadaiwa nini?

Choo. Eeh.

Tena.